Nyumba ya Mama Katikati ya Barabara

Caia, 9 Juni 1997

Kwa mchungaji wa kanisa lolote la Machava, mjini Matola.

Mchungaji, hunijui nami sikujui. Jina langu ni Fenias Sitoe. Wakati wa vita, nikiwa na miaka saba, wapiganaji walinichukua kutoka nyumbani kwetu huko kwenu. Baba alifanya kazi kwenye reli. Mama anaitwa Rabeca. Nina dada mkubwa, Ermelinda. Nyumba yetu ilizungukwa na mikorosho, na treni ikipita sufuria zilitikisika. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka kwa hakika. Mengine nikiyashika yananiponyoka.

Vita ilipokwisha niliachwa huku kaskazini. Masista wa misheni walinifundisha useremala na kusoma Kireno. Nimeoa. Sitafuti urithi wala simdai mtu. Nataka tu kujua kama mama yangu yuko hai. Kama hayuko, nijulishe pia, maana anayejua kaburi lilipo hupata usingizi.

Fenias Sitoe

*

Matola, 27 Julai 1997

Kwako wewe unayejiita Fenias Sitoe,

Mchungaji aliniita baada ya ibada, akaniambia nikae kwanza ndipo akanipa karatasi yako. Mimi ndiye Ermelinda. Mama yuko hai. Baba hayupo tena.

Mama sijamwambia kitu, na nitakueleza kwa nini. Miaka miwili baada ya amani, alikuja hapa mzee mmoja na kijana, akasema, "Mama Rabeca, nimekuletea mwanao." Mama alimchinjia kuku. Alimpa blanketi lake, yeye akalala na kanga. Baada ya wiki mbili kijana na mzee wake waliondoka alfajiri na redio ya marehemu baba. Mama hakuililia redio. Aliugua hadi mvua zikapita, akawa kama haoni hata ukisimama mbele yake.

Sitamfanyia hivyo mara ya pili. Kama wewe ni ndugu yangu, mwilini mwako kuna alama. Niambie iko wapi na ilitokana na nini. Usiniandikie jambo lingine lolote.

Ermelinda Sitoe

*

Caia, 2 Septemba 1997

Dada,

Iko mkono wa kushoto, chini ya kiwiko. Ni moto wa korosho. Ulikuwa ukizikaanga juu ya bati lililotobolewa, na mafuta ya maganda yakaruka. Ulinipaka tope ukaniziba mdomo kwa kiganja ili mama asisikie. Maneno uliyoniambia siyakumbuki. Kiganja nakikumbuka, kilinuka moshi.

Fenias

*

Matola, 5 Oktoba 1997

Mdogo wangu Fenias,

Nilisoma barua yako nikaenda kusimama nyuma ya choo, nikalia mpaka mume wangu Abílio akaja kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufuliwa.

Mama alikuwa akitwanga majani ya muhogo. Nilipomwambia, aliuegemeza mchi kwenye kinu akauliza, "Anakula?" Nikasema ana mke, ni seremala. Akasema, "Nimekuuliza kama anakula." Nikajibu anakula. Akauchukua mchi akaendelea kutwanga, lakini majani yalikuwa yamekwisha kuwa uji na bado anatwanga.

Sasa nikuambie kuhusu hapa, kwa sababu hutapajua. Wakati wa vita watu walikimbilia huku kutoka Moamba, kutoka Boane, kutoka Manhiça, kila mtu na mkeka wake kichwani. Tukasema vita vikiisha watarudi kwao. Vikaisha, hawakurudi. Wakaita na ndugu zao. Mikorosho ilikatwa kuni, palipokuwa shamba la baba pana nyumba za matofali ya saruji, baa mbili, na kijana anayetengeneza jokofu. Wapimaji wa baraza la mji wamepita na kamba na vigingi. Wanataka barabara zilizonyooka, mabomba ya maji na nguzo za umeme. Sisi sote tumesogea tukapewa viwanja vyenye namba, isipokuwa mama. Barabara yao inapita hasa pale anapolala.

Wamempa kiwanja kizuri karibu nasi. Anakataa. Aliwaambia wale wapimaji, "Mwanangu anaijua nyumba hii. Akija akute barabara, ataiuliza barabara mama yake yuko wapi?" Walicheka, kisha wakaona hatanii.

Njoo Fenias. Akikuona atahama siku hiyo hiyo. Nyuma ya karatasi hii nimeandika maneno yake mwenyewe kwa Kironga chetu, kama alivyoyatamka. Alinikataza kuyageuza kwa Kireno.

Dada yako,
Ermelinda

*

Caia, 18 Januari 1998

Dada Ermelinda,

Maneno ya mama nimeyasoma kwa furaha kubwa. Mwambie asante sana, na Mungu ambariki.

Kuja kwa sasa ni vigumu. Joaninha, mke wangu, ni mjamzito, na masista wameniagiza madawati ya shule. Barabara nayo si nzuri wakati wa mvua. Labda baada ya mavuno. Mwambie mama ahame tu. Nyumba ya matete ni matete. Mimi nitafika hata kwenye hiyo mpya.

Salamu kwa shemeji Abílio.

Fenias

*

Matola, 3 Machi 1998

Fenias,

Mama hakukupa baraka ili umwambie asante. Alikuuliza jambo. Alikuuliza, ulipong'oka meno ya utoto, nani aliyarusha juu ya paa? Maana ulipochukuliwa la kwanza lilikuwa linalegea, na amekuwa akiliwaza hilo jino miaka yote. Wewe ukajibu asante na Mungu ambariki. Nilimsomea. Akasema, "Hajajibu." Akanitaka nisome tena, labda nimeruka mahali.

Hapa maisha yangu si mepesi. Maji ya bomba yamefika mwanzo wa mtaa yakasimama, kwa sababu mtaro hauwezi kupita chini ya kitanda cha mama. Bwana Cossa, jirani yetu aliyetoka Moamba, amejenga bafu la vigae na hana tone la maji. Kila asubuhi akipita na madumu husema kwa sauti, "Shikamoo Mama Rabeca, malkia wa barabara. Tunaenda kisimani tena kwa hisani yako." Mama humjibu vizuri tu, "Marahaba mwanangu, nenda na utembee, tumbo lako linahitaji."

Abílio naye ananiambia, "Huyo shemeji yangu wa karatasi, aje basi tumwone ana miguu." Nimechoka kumtetea mtu anayeandika kuhusu madawati. Kama hututaki, sema. Nitatafuta namna ya kumwambia.

Ermelinda

*

Caia, 20 Mei 1998

Dada,

Nilidanganya. Sikuyasoma maneno ya mama. Siwezi kuyasoma.

Sina Kironga. Kule msituni mtoto aliyesema lugha ya kwao alichapwa, kwa sababu wakubwa walidhani tunapanga kutoroka. Mwanzo nilikuwa nakisema moyoni nikiwa nimelala. Baadaye nikawa nakosa neno moja, kesho lingine. Hakikutoka siku moja, kilichakaa kama shati linavyochakaa mwilini, na siku unapoangalia unaona umevaa kola tu. Sasa naota kwa Kisena, lugha ya huku. Mke wangu ni Msena, na mtoto aliyezaliwa mwezi uliopita, wa kike, tunambembeleza kwa Kisena.

Karatasi ya mama niliipeleka kwa mwalimu, kwa muuguzi, hata kwa dereva wa lori aliyetoka kusini. Dereva alikuwa Mchopi, mwenye lugha nyingine ya kusini. Alisema anaona neno "jino", tukafikiri mama anaumwa.

Sasa unaelewa madawati. Nitasimamaje mbele yake? Atanisemesha nami nitamtazama kama mpimaji wa baraza. Amemsubiri mwanawe. Heri aendelee kumsubiri kuliko aletewe mgeni mwenye kovu lake.

Usimwambie. Kuhusu jino, hakuna aliyelirusha. Sijui lilipoangukia.

Fenias

*

Matola, 11 Julai 1998

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa ile barua yangu ya Machi.

Mama nimemwambia jino lilirushwa na mwanamke mmoja mwema huko kaskazini. Aliuliza jina la huyo mwanamke. Nikamwambia jina lake hulikumbuki, ila alikuwa mnene. Amekuwa akimwombea, huyo mwanamke mnene asiyekuwepo. Barua zako nyingine pia namsomea nikiongeza maneno yangu, na ninaogopa siku yako ya kufika kwa sababu nimekutengenezea ulimi usio wako.

Hata hivyo njoo. Mimi nitakaa katikati yenu. Akisema nitakugeuzia, ukisema nitamgeuzia. Mabwana wakubwa kwenye mikutano yao hufanya hivyo na wanaafikiana hadi mikataba.

Na huyo mtoto wa kike jina lake nani? Hukusema.

Ermelinda

*

Caia, 30 Agosti 1998

Dada,

Anaitwa Rabeca.

Nipe muda.

Fenias

*

Matola, 12 Februari 2000

Fenias,

Nimekuandikia Pasaka, nimekuandikia Krismasi, hujajibu. Naandika tena kwa sababu jambo hili haliwezi kungoja aibu yako.

Mvua iliyonyesha hapa hatujapata kuiona. Ilishuka usiku na mchana, na maji kutoka kule juu kwenye viwanja vipya, ambako kila mtu amemwaga saruji uani na ardhi hainywi tena, yalikuja mtaani kwetu kama mto. Yalipofika kwenye nyumba ya mama, pale mtaro ulipokatikia, yakasambaa. Nyumba ya Cossa imebomoka upande mzima. Bafu la vigae limekwenda. Mkewe aliokolewa kupitia dirishani na mtoto mgongoni. Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu, lakini korongo lililochimbika pale njiani linammeza mtu mzima akisimama.

Cossa alikuja kwa mama akiwa amelowa mpaka kiunoni. Nilidhani atampiga. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya chini, na ile sauti ya chini ndiyo iliyonitisha, "Mama Rabeca, mimi pia nilipoteza watu vitani. Ndugu zangu wawili. Sikuuzuia mji mzima ili kuwawekea mahali pa kurudi."

Baraza limesema mwisho wa Aprili trekta litakuja, akiwa ndani au akiwa nje. Nilimsihi. Akaniambia, "Ermelinda, nikitoka hapa kwa hiari yangu, nitakuwa nimemwambia mtoto wangu asije." Alisema hivyo akiwa ameketi kitandani, miguu imeingia majini.

Sijui tena la kukuandikia.

Ermelinda

*

Mto Save, ukingo wa kaskazini, 25 Februari 2000

Dada Ermelinda,

Sijui kama umeniandikia karibuni. Niliondoka Caia mwanzo wa mwezi. Nakuja.

Mwezi Desemba Rabeca mdogo alipotea sokoni. Tulimtafuta nusu siku, mke wangu akazing'oa nywele zake kwa mikono. Tukamkuta kwa muuza miwa, anatafuna, hana habari. Nusu siku, dada. Usiku ule nilimtazama mke wangu akimshika mtoto, nikamfikiria Rabeca mwingine aliyekaa na nusu siku hiyo tangu vita.

Maji yamefunga daraja. Tumelala shuleni, watu wengi, mbuzi wengi, na mtumbwi unavusha wagonjwa kwanza. Karatasi hii nampa mwanamke anayepelekwa hospitali upande wa pili. Mwambie mama niko njiani. Mwambie ukweli wote, na kuhusu ulimi wangu pia. Nisingependa aupate mlangoni.

Fenias

*

Caia, 4 Juni 2000

Dada yangu,

Nimerudi nyumbani salama. Joaninha anakushukuru kwa vitambaa, na Rabeca hataki kulivua gauni ulilomtumia.

Bado nakiona kituo cha basi nilichoshukia. Uliniandikia kwamba mikorosho imekatwa, lakini macho yangu bado yaliitafuta. Nikakuta maduka, nguzo, bati kwenye bati mpaka macho yanapoishia, na barabara nyekundu zilizonyooka kama zimechorwa kwa rula. Nilisimama pale kama mjinga. Nikamwuliza mwanamke mmoja kwa Kireno, "Tafadhali, nyumba ya Mama Rabeca Sitoe?" Hakuniuliza ni Rabeca yupi. Alisema, "Ile iliyo katikati ya barabara? Fuata korongo, huwezi kuikosa." Kisha akanitazama mkono wenye kovu, akaweka kikapu chake chini, akanitangulia mbio. Kwa hiyo mama alikuwa sahihi, dada. Nyumba zingine zote zilifanana. Ile tu ndiyo niliyoelekezwa.

Nakumbuka ulivyoanza kututafsiria, na mama akakunyooshea kidole utoke. Nilikuona ukitoka umekasirika. Akanikalisha mkekani akaanza kusema. Siku ile, na kesho yake, na siku zote nilizokaa, alisema. Alinishika mkono akanitoa nje, ananyoosha kidole kwenye nyumba ya huyu, kwenye nguzo ile, kwenye shimo, anasema. Tulipokula alisema. Mimi niliitikia kwa kichwa. Nilijiona mwongo kila nilipoitikia, lakini nilipoacha alinigusa goti, kwa hiyo nikaendelea.

Na asubuhi ile tulipoibomoa nyumba, kabla trekta halijafika, nilipanda juu nikaweka mkono kwenye mabati, yeye akasimama chini akaniinulia mkono akasema maneno marefu. Nilishuka nikainamisha kichwa ili anibariki vizuri. Watu wote wakanyamaza. Cossa alivua kofia.

Nataka kujua alisema nini. Siku ile na siku zote. Ninayabeba maneno ambayo sijui yaliyomo.

Fenias

*

Matola, 16 Julai 2000

Mdogo wangu Fenias,

Nianze na lile la mabati, kwa sababu nimecheka peke yangu nikisoma. Mama alisema, "Usianzie hapo, anzia upande wa jikoni, mbao za huku zimeoza, utaanguka uvunjike shingo nami ndio kwanza nimekupata." Wewe ukashuka ukainamisha kichwa. Watu walinyamaza kwa sababu hawakujua wacheke au vipi. Cossa alivua kofia kwa kuwa alikuwa anatokwa jasho. Lakini ndiye aliyebeba kabati la mama kichwani mpaka kiwanja kipya, na hakuruhusu mtu amsaidie.

Yale mengine niliyasikia nikiwa nje nachambua karanga, na aliyajua masikio yangu yalipo. Hakukusimulia uchungu wake, kama unavyoweza kudhani. Alikusimulia mtaa. Alianza siku uliyochukuliwa akaja nayo mbele. Alikueleza nani alikuwa wa kwanza kufika kutoka Moamba, na kwamba walilala chini ya mkorosho wetu mkubwa na mke wake akajifungua hapo. Alikueleza nani alichimba kisima, na ugomvi wa kisima. Mwaka ambao mikorosho ilikatwa, na kwamba alimwomba baba asikate ule wa mwisho, na baba akaukata mwenyewe kwa sababu jirani alikuwa na maiti na hapakuwa na kuni za kuwapikia waombolezaji. Alikueleza kwamba baada ya amani baba alitembea kambi kwa kambi ambako wapiganaji walikuwa wakisalimisha silaha, akiangalia mikono ya vijana, na kwamba alirudi na miguu iliyovimba na hakusimama tena. Alikuonyesha taa ya kwanza ya barabarani ilipowaka, na watoto waliokuwa wakicheza chini yake. Alisema, "Wewe ungekuwa yule mrefu." Kila nyumba aliyokuonyesha, alikwambia ulikuwa na umri gani ilipojengwa.

Nilipomaliza kukusindikiza kwenye basi, nilirudi nikamkuta kwenye kiwanja kipya, ameketi kwenye mzigo wa mbao ulizozipiga randa. Nilikuwa bado nina hasira ya kufukuzwa. Nikamwambia, "Mama, nilikueleza tangu Machi kwamba haelewi Kironga. Umemchosha bure mtoto wa watu. Ungeniacha nitafsiri."

Akasema, "Nilijua haelewi. Hata alipozaliwa hakuelewa, na nilimsemesha. Mtoto husemeshwa kwanza."

Nikaenda kuteka maji. Sasa yapo, bomba liko pale pale ilipokuwa nyumba, na wanawake wanapanga ndoo tangu asubuhi. Magari yanapita juu ya mahali alipolala, na yeye huyatazama.

Jana ameniomba jambo, ndiyo sababu naandika leo. Anasema tangu ulipochukuliwa mpaka uliporudi hakuwahi kulala nje ya uwanja ule hata siku moja, hata nilipojifungua hakuja hospitali, wala kwenye maziko ya shangazi hakuenda. Sasa anaweza. Amefua nguo zake mbili nzuri na ameuliza basi la kaskazini linaondoka siku gani. Nimemwambia ni mbali sana, na kule hakuna atakayemwelewa. Amenitazama kana kwamba sijasikiliza lolote.

Kwa hiyo mwulize Joaninha, halafu uniandikie kwa Kisena, kwa herufi kubwa zilizo wazi ili nimfundishe: huko kwenu, chakula kikiwa tayari na watoto wako uani wanacheza, mama huwaita kwa maneno gani?

Dada yako,
Ermelinda